Kabla ya kutafuta hazina baharini, wachunguze wenzako kwanza

Msomaji mpenzi, huenda ukacheka nikikuambia kwamba mtu aliyesomea uandishi, ambaye kila mara huwaonya wengine juu ya matapeli, alibakisha siku mbili tu atoe Sh150,000 zikatafutie dhahabu chini ya bahari. Cheka tu. Mtu huyo ni mimi.

Ilikuwa Agosti mwaka jana, nilipoteremka Mombasa kwa harusi ya binamu yangu. Usiku wa pili, wageni walipokwisha kula biriani na kutawanyika, mjomba alinishika mkono akaniketisha barazani, mbali na masikio ya watu. Mjomba wangu si mtu wa maneno mengi. Alifanya kazi bandarini Kilindini miaka thelathini na mmoja, akastaafu bila doa, na ndiye aliyenilipia karo ya chuo baada ya baba kufariki. Kwa hivyo aliponiambia, "Mwanangu, nina jambo nataka uliingie mapema, kabla watu hawajalijua," sikumsikiliza kama ninavyowasikiliza watu wengine.

Alitoa bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na ramani ya bahari iliyotiwa alama ya msalaba kwa wino mwekundu, picha ya sarafu tatu zilizoshika ukungu wa kijani, nakala ya barua ya Kireno yenye muhuri mkubwa, na karatasi moja yenye nembo ya serikali aliyoiita kibali. Kulikuwa na merikebu, akasema, iliyozama zamani za Wareno, na watu watatu walikuwa wamekwisha kuiona ilipo. Mmoja wao alikuwa nahodha aliyewahi kufanya kazi ya kuopoa meli huko ng'ambo, ambaye wote walimwita Kapteni. Wa pili alikuwa mhandisi mwenye mtambo wa kuona chini ya maji. Wa tatu alikuwa mwenye fedha aliyeko ng'ambo, ambaye angefika "karibuni". Kilichobaki ni hela za mashua na mitungi ya hewa. Hisa moja ni Sh150,000, na katika muda wa mwaka mmoja ingezaa milioni mbili.

"Wewe mwenyewe umetoa ngapi, mjomba?" nikamuuliza.

Akanyamaza kidogo. "Laki nne."

Hicho kilikuwa kiinua mgongo chake, au sehemu yake kubwa. Mkaza mjomba hakuwa akijua lolote.

Sasa nikueleze kilichokuwa moyoni mwangu, maana watu wengi wanaposimulia mambo haya hujifanya kwamba walishuku tangu mwanzo. Mimi sikushuku. Nilikuwa na Sh150,000 barabara katika sako, nusu yake karo ya binti yetu na nusu malipo ya mwisho ya ploti Kitengela. Usiku ule nililala nikipiga hesabu. Milioni mbili! Nilikwisha ezeka nyumba ile ya Kitengela, nikaipaka rangi, nikamtafutia mjomba chumba cha kufikia. Na hofu iliyonisumbua haikuwa ya kupoteza pesa, la. Niliogopa nafasi ile isinipite.

Siku ya pili tulikwenda kuonana na Kapteni katika hoteli moja Nyali. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye saa kubwa mkononi, na yeye ndiye aliyelipa chakula cha wote. Alieleza vizuri sana. Akasema meli yenyewe ni ya kivita, ilizama 1697 chini ya Fort Jesus ngome ilipokuwa imezingirwa na Waomani, na kwamba tangu siku hiyo hakuna mkono wa binadamu uliowahi kuigusa.

Hapo kijiko changu kikasimama. Nilipokuwa darasa la saba tulipanda basi la shule kutoka Voi tukaletwa Fort Jesus kutembea. Tulionyeshwa vitu vilivyopambwa vizuri katika jumba la makumbusho mle ndani, na mwalimu akatuamrisha tunakili jina la meli vilikotoka. Jina lile refu lilinikaa kichwani kwa sababu nililiandika vibaya nikachapwa: Santo António de Tanná. Ilizama 1697. Nayo iliguswa, tena sana. Kati ya 1977 na 1980 wapiga mbizi wa Makavazi ya Taifa pamoja na wataalamu kutoka Marekani waliichunguza ubao kwa ubao, wakaopoa walichoweza, wakakiweka mle ngomeni ambamo mtoto yeyote wa shule anaweza kukitazama.

Nikamwambia Kapteni hivyo, kwa adabu. Hakutikisika hata kidogo. "Ah, hiyo ni nyingine," akasema. "Yetu sisi ni ile iliyofuatana nayo." Mjomba akatikisa kichwa kukubali. Mimi nikatabasamu, lakini chakula hakikushuka tena.

Msomaji, nisingependa ufikiri kwamba meli zilizozama ni hadithi za abunuwasi. Zipo, na mali imo. Ndiyo maana biashara hii huwanasa hata wenye akili zao. Mwaka 1857, mwezi wa Septemba, meli ya SS Central America ilizama katika tufani nje ya pwani ya Marekani ikitoka na dhahabu ya California, na watu 425 wakafa. Mwaka 1988 kundi lililoongozwa na mhandisi aitwaye Tommy Thompson liliipata, zaidi ya kilomita mbili chini ya maji. Wenye fedha wapatao 161 walikuwa wamemwamini wakampa jumla ya dola milioni 12.7. Dhahabu ilipatikana kweli, na mwaka 2000 hivi sehemu yake kubwa iliuzwa kwa dola milioni 50 hivi.

Sasa sikia. Kwanza mashirika 39 ya bima yalijitokeza kudai kwamba yalilipa hasara ya 1857, kwa hivyo dhahabu ni yao. Kesi ikachukua miaka. Watafutaji wakashinda wakapewa zaidi ya asilimia 90, lakini wale wenye kutoa fedha bado hawakuona kitu, na mwaka 2005 baadhi yao wakamshtaki Thompson. Mwaka 2012 aliitwa mahakamani akatoroka. Alikamatwa Florida, Januari 2015, akiishi hotelini. Jaji akamuuliza ziliko sarafu 500 za dhahabu. Hakusema. Akatiwa ndani kwa kudharau mahakama, na mpaka mwanzoni mwa 2025, jaji alipoona kwamba kumbana zaidi hakuna faida, alikuwa bado hajasema.

Huyo alikuwa hodari wa kazi yake, wala hakuwa mbabaishaji. Watu wengi hudhani kumchunguza mshirika ni kuuliza kama anaijua kazi, basi. Thompson aliijua kuliko watu wote duniani. Kilichowauma wenzake ni mambo mengine kabisa: nani ashike hesabu, nani atie sahihi benki, lini kila mtu aonyeshwe vitabu, na akikataa kuvionyesha ifanyweje.

Nilirudi Nairobi nikiwa na nakala za zile karatasi, maana mjomba aliniachia nikazisome. Nikaanza na kampuni. Siku hizi huhitaji kujuana na mtu yeyote ofisini. Unaingia eCitizen, unalipa ada kidogo, unaomba fomu ya CR12, nayo inakuonyesha wakurugenzi ni akina nani na nani anamiliki hisa ngapi. Fomu ilipofika niliisoma mara tatu. Kampuni ilikuwa imesajiliwa miezi minne tu kabla ya harusi, ilhali Kapteni alituambia wamekuwa wakitafuta miaka sita. Wakurugenzi walikuwa wawili, mhandisi na mwanamke mmoja ambaye hakuna aliyewahi kumtaja. Jina la Kapteni halikuwemo. Wala la mjomba, aliyetoa laki nne akaambiwa ana hisa! Mwenye hisa asiyeandikwa popote ni mwenye nini?

Nikampigia Kapteni nikamwomba majina ya watu wawili aliofanya nao kazi ya kuopoa meli ng'ambo. Alinipa nambari mbili bila kusita. Moja haikupatikana kamwe. Ya pili ilipokewa na mtu aliyemsifu Kapteni kwa dakika kumi, lakini nilipomuuliza walifanya kazi katika meli gani na mwaka gani, alisema yuko garini atanipigia. Sikupigiwa mpaka leo.

Nikaomba ruhusa ya siku mbili kazini nikapanda treni kurudi Mombasa, bila kumwambia mjomba. Hilo linaniuma hadi sasa, kwamba niliingia mji wake kama mwizi. Nilikwenda Fort Jesus nikawaonyesha watu wa Makavazi ile karatasi iliyoitwa kibali. Ofisa aliyeipokea aliigeuza nyuma na mbele, akaniuliza imetiwa sahihi na nani, kisha akanieleza taratibu kwamba leseni yao haifanani na hiyo. Sheria ya Makavazi ya Taifa na Turathi ya 2006 inasema vitu vya kale vinavyogunduliwa nchini ni mali ya serikali, na huwezi kwenda kuvitafuta bila leseni. Kwa maneno mengine, hata kama Kapteni angekuwa mkweli kama malaika, na sarafu zikajaa mashua, hazingekuwa zetu za kugawana.

Hapa, msomaji, ndipo nilipojiona mjinga kwelikweli. Muda wote nilikuwa nikiuliza "wataipata?" bila kuuliza "wakiipata, ni ya nani?" Na swali hili limewahangaisha wakubwa. Mwaka 1942, Novemba, meli ya Tilawa ilikuwa ikitoka Bombay kuja Mombasa na kwendelea kusini, nyambizi ya Japani ikaizamisha, watu 280 wakafa, wengi wao wakiwa abiria waliokuwa wakija huku kwetu Afrika Mashariki. Ndani mlikuwa na fedha ya kutengenezea sarafu, mali ya serikali ya Afrika Kusini. Kampuni moja ya Uingereza iliopoa vipande 2,364 mwaka 2017 ikavipeleka Southampton, kisha ikadai malipo. Mei 2024 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba Afrika Kusini ina kinga, haiwezi kushtakiwa kule kwa dai hilo. Pande zote mbili zilikuwa zimekwisha patana kabla ya hukumu, lakini fikiria: wameshuka kilomita mbili na nusu baharini, wametoa mzigo mzima, na bado wamekaa mahakamani miaka.

Kutoka ngomeni niliteremka hadi bandari ya zamani, kwenye mashua. Wavuvi hawana fomu ya CR12, lakini wanajuana. Nilimkuta mzee mmoja akitengeneza nyavu, nikamwamkia shikamoo, nikamuuliza kama anamjua Kapteni wa sifa kadha wa kadha.

"Namjua," akasema. "Alikodi mashua yangu juma tatu. Akanilipa juma moja."

"Alikuwa na mtambo wa kuona chini ya maji?"

Mzee akacheka hadi akakohoa. "Kile kidude? Kile cha kutafutia samaki, mwanangu. Hata mie ninacho."

Nikamwambia Kapteni alisema walipiga mbizi kila siku mwezi wa Saba. Mzee akaacha nyavu akanitazama kwa huruma. "Mwezi wa Saba kusi lavuma vile, na maji yamechafuka, wewe utaona nini huko chini? Atakuwa alipiga mbizi kitandani."

Hicho, kwa maoni yangu, ndicho kilikuwa kipimo bora kuliko vyote, na hakikunigharimu ila shikamoo. Karatasi hughushiwa. Hata wenye mawakili na vyombo vya mamilioni hughushiwa karatasi. Mwaka 2012 kampuni moja ya Maine, Marekani, ilitangaza kwamba imeipata meli ya Uingereza ya Port Nicholson, iliyozamishwa na nyambizi ya Kijerumani 1942, ikiwa na madini ya platini ya thamani ya dola bilioni tatu. Watu walikuwa wametoa mamilioni. Serikali ya Uingereza, mwenye meli, ikasema shehena ilikuwa ya vipuri vya magari na vifaa vya jeshi. Mwishowe mtafiti wa kampuni hiyo alikiri kwamba hati ya shehena aliichezea, na 2015 mahakama ikalitupilia mbali dai lao.

Lakini hata hati ya kweli haitoshi. Meli ya Marekani ya John Barry ilizamishwa karibu na Oman Agosti 1944 ikiwa na sarafu milioni tatu za riali za fedha zilizokuwa zikipelekwa Saudi Arabia. Sarafu zile zilikuwemo kweli, na mwaka 1994 zaidi ya milioni moja zilitolewa. Kilichowavuta watu zaidi, hata hivyo, kilikuwa uvumi kwamba ndani mlikuwa na vipande vya fedha vya thamani kubwa kuliko sarafu. Hivyo havikuonekana. Hutokea hivyo mara nyingi katika biashara hii. Jambo moja la kweli huwekwa mbele, na uvumi hupanda mgongoni mwake.

Nilimwendea mjomba jioni ileile. Nilipanga maneno njiani, lakini nilipofika barazani yote yalinitoka, nikamkabidhi tu ile fomu na kumweleza niliyoyasikia. Aliisoma kwa miwani, polepole, kama asomavyo msahafu. Kisha akaikunja, akanirudishia.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna, mjomba."

"Nilikuita uingie katika kheri. Nawe umekwenda kuniuliza kwa wavuvi." Sauti yake haikupanda. "Mji mzima sasa wajua mie ni mjinga."

Nikamwambia hakuna aliyejua jina lake. Akasimama, akaingia ndani, na mkaza mjomba akatoka na chai akashangaa kuniona peke yangu. Nilikunywa ile chai nikiwa sina la kumwambia.

Hatukuzungumza miezi mitano. Sikukuu ilikuja ikapita, nilipopiga simu mkaza mjomba alisema amelala. Kwa wakati huo Kapteni alikuwa ameomba nyongeza ya Sh80,000 "ya mafuta", na mjomba, nilivyokuja kujua baadaye, alitoa. Labda alitoa kwa sababu yangu. Mtu aliyeambiwa na mtoto wake kwamba amekosea yuko radhi kulipa ili aonekane hakukosea. Kama ningerudia, nisingemletea fomu ikiwa imekwisha jazwa majibu. Ningemwomba twende pamoja kwa yule mzee wa nyavu, akaulize yeye kwa kinywa chake. Alifanya kazi bandarini miaka thelathini na mmoja. Habari za kusi angezifahamu kabla yangu.

Mwenzangu nyumbani nilimweleza yote, pamoja na hesabu nilizozipiga usiku ule kitandani. Hakunifokea. Siku iliyofuata alitaka sako iandikwe sahihi mbili, yangu na yake, nami nikaona ni haki yake.

Januari, Jumapili usiku, simu iliita. Ilikuwa nambari ya mjomba. Aliniuliza hali ya watoto, akaniuliza mvua za Nairobi, akaniuliza kazi, kisha akanyamaza mpaka nikadhani simu imekatika.

"Ile karatasi ya wakurugenzi," akasema, "bado unayo?"

Nilikuwa nayo. Nilishuka na treni ya Ijumaa, na Jumatatu tukaenda pamoja kituoni kuandikisha ripoti, yeye akiwa amevaa kanzu yake ya harusini. Nambari ya Kapteni haipatikani tena. Mhandisi, ambaye naye alikuwa ametia akiba yake humo na akadanganywa kama sisi, amekubali kuandika taarifa na amemrudishia mjomba Sh60,000 kwa mafungu. Yule mwanamke wa kwenye fomu bado anatafutwa. Mkaza mjomba aliambiwa wiki hiyohiyo, na mjomba mwenyewe ndiye aliyemwambia, mimi nikiwa nimeketi pale pale barazani kwa sababu aliniomba nisiondoke.